Mume Aliyenyimwa Jembe

Mwezi Machi aliingia ofisini kwangu mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Moshi, bahasha ya kaki kaibana kwapani. Alipoketi alipanga mezani cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wawili, pasipoti ya mumewe na kibali chake cha ukaazi. Hakuanza na historia ndefu. Aliuliza: "Dada wakili, hivi mume wangu anakaa nchi hii kwa ruhusa ya nani?"

Nilikisoma kibali. Kilikuwa cha daraja B, lile la waajiriwa, na kilisimama juu ya mkataba wa kazi uliokwisha Februari bila kuhuishwa. Nikamwambia ukweli: mumeo amekaa miaka yote hii kwa ruhusa ya mwajiri wake, na mwajiri ameshaondoka nayo. Miaka 9 ya ndoa haikuwa imetajwa popote kwenye karatasi ile. Mwanamume anayejua Kichaga cha kuombea maji, anayeitwa baba fulani mtaa mzima, anayechangia misiba na harusi za ukoo, mbele ya sheria alikuwa mtumishi wa kigeni aliyemaliza kazi na anayetakiwa kufunga virago.

Nimeshughulikia makaratasi ya uhamiaji kwa miaka 16, na swali la mwalimu yule nimelisikia kwa namna nyingi. Watu huamini kwamba cheti cha ndoa ndicho ufunguo. Ukishafunga ndoa, basi, mengine ni mihuri tu. Kwa Mtanzania mwanamume aliyeoa mgeni, imani hiyo ina ukweli fulani. Kwa Mtanzania mwanamke aliyeolewa na mgeni, haina. Sheria zetu zinamjua mke wa kigeni wa raia. Mume wa kigeni wa raia hazimjui, na kila taabu ya ofisini na ya nyumbani nitakayoieleza hapa ina mzizi huo.

Tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Jamhuri ya Muungano haki ya kuomba uraia wa tajnisi, ule anaopewa mgeni, wakati wowote wa uhai wa mumewe. Hakuna idadi ya miaka ya kusubiri iliyotajwa. Ukitafuta katika kifungu hicho habari za mwanamume aliyemwoa raia, hutazikuta. Yeye anaelekezwa kwenye mlango wa wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, aonyeshe alivyochangia maendeleo ya taifa na atakavyochangia. Ndoa haimpunguzii hata mwezi mmoja. Maombi yake huanzia kwenye kata, hupanda wilaya na mkoa, jina lake hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mwisho wa safari yupo waziri ambaye, akikataa, sheria haimlazimishi kutoa sababu.

Kifungu hiki hakikuchipuka kwenye mila zetu. Tumekirithi. Sheria ya uraia ya Waingereza ya mwaka 1948 ilimruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kusajiliwa kuwa raia, lakini haikumruhusu mwanamume aliyeoa raia. Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi: Mwingereza mwanamke aliyeolewa na mgeni alipoteza uraia wake mwenyewe. Msingi wa fikra zile ulikuwa mmoja, kwamba mke humfuata mume, na familia ina nchi moja, nayo ni nchi ya baba. Waingereza waliuacha ubaguzi huo kwa sheria yao ya 1981 iliyoanza kutumika 1983. Sisi tuliandika sheria mpya mwaka 1995 na tukalibeba wazo lile lile tukalitia ndani.

Na bado hata mke wa kigeni anayependelewa na kifungu hicho ana mitego yake. Wa kwanza ni kwamba Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Akichukua tajnisi lazima aukane uraia wa kwao. Si jambo la kuamua kwa furaha ya fungate. Mkenya wa kuzaliwa ana nafuu, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu aliyepoteza uraia wa kuzaliwa kuurudia kwa maombi. Wengine wakishaukana, mlango hufungwa, na mama mzazi akiugua kule kwao binti ataomba visa kama mtalii.

Mtego wa pili ndio unaoniumiza zaidi, nao umo kwenye maneno "wakati wa uhai wa mumewe." Wanawake wengi huahirisha. Watoto wadogo, ada, nyumba haijaezekwa, kesho tutakwenda Uhamiaji. Kisha mume anafariki. Siku anapozikwa, haki ya kifungu cha 11 inazikwa naye. Nilimsindikiza mjane mmoja wa Tanga aliyekuwa ameishi hapa zaidi ya miaka 20, amezaa na kulea hapa, na aliyegundua akiwa bado ndani ya eda kwamba pasi yake ilikuwa imefungwa kwenye jina la marehemu. Alilazimika kuanza upya kama mtegemezi wa mwanawe. Nawaomba wanandoa wa namna hii walizungumze jambo hili wakiwa wazima, hata kama ni gumu kulitamka mezani. Kulizungumza si kutabiri kifo.

Nimerudia neno "mgeni" nami najua msomaji ameshaona picha ya Mzungu kwenye gari kubwa. Aifute. Wake na waume wa kigeni ninaowaona wengi ni majirani. Ni Mrundi aliyeolewa Kasulu, Mnyarwanda wa Ngara, Mkenya wa Tarime au Namanga, Mmakonde aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma akaolewa na Mmakonde wa huku. Wanaongea lugha ya wakwe zao tangu siku ya kwanza. Ndoa zao ni za kimila: mahari ililipwa, wazee walikula, hakuna aliyeandika. Kwa miaka mingi hakuna aliyewauliza kitu, mpaka usajili wa vitambulisho vya taifa ulipofika kijijini. Mume akapata namba ya NIDA, watoto wakapata vyeti, mke akaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Hapo ndipo mtu anajijua kuwa mgeni akiwa na wajukuu.

Kwa familia hizi dawa ya kwanza ni kuiandika ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila na inaruhusu isajiliwe. Haihitaji kufungwa upya wala shela jipya. Iko pia dhana ya ndoa, kifungu cha 160, kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kuheshimiwa kama mke na mume. Lakini dhana hiyo ni ya kutetewa mahakamani. Afisa uhamiaji anataka cheti. Nimeona watu wakimwelekeza mtu mahakamani kwa jambo ambalo wazee wawili, mtendaji na msajili wangelimaliza kwa wiki chache.

Sasa nirudi kwa mume wa mwalimu.

Njia zilizokuwa mbele yake zilikuwa chache. Mkewe angeweza kumwombea pasi ya mtegemezi. Angeweza kutafuta mwajiri mwingine, aombewe kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi Uhamiaji. Au angeweza kuingiza mtaji na kuomba daraja A kama mwekezaji, kwa fedha ambazo familia ya mwalimu haina. Pasi ya mtegemezi ndiyo iliyokuwa karibu. Inamruhusu kukaa. Haimruhusu kufanya kazi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyolelewa: ukikaa nasi, unalima nasi, na ukishalima nasi wewe si mgeni tena. Mume huyu amefika siku ya tatu, mwezi wa tatu, mwaka wa tisa, na jembe sheria inamkatalia. Amepewa kiti barazani na ameambiwa asiinuke.

Tazama jinsi sheria zenyewe zinavyogongana juu ya kichwa chake. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 63, inamwambia mume kwamba ni wajibu wake kumtunza mkewe, kwa makazi, mavazi na chakula. Mke anabebeshwa wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kwa maradhi ya mwili au ya akili. Kwa hiyo mwanamume mzima wa afya, mwenye fani mkononi, anaamriwa na sheria moja amlishe mkewe. Sheria nyingine inamsajili kuwa mtegemezi wa mke huyo huyo na kumwambia akishika kazi amevunja masharti ya pasi. Sijui ni mwanamume gani anaweza kuzitii zote mbili. Nimewaona waliojaribu. Wengine wakawa wagonjwa wa mawazo, wengine wakajificha kwenye vibarua vya chini kwa chini, wakilipwa nusu kwa sababu anayewalipa anajua hawawezi kwenda kushtaki.

Akipata mwajiri, kisa hakiishi. Sheria ya kuratibu ajira za wasio raia ya mwaka 2015 imegawa vibali vya kazi kuanzia daraja A hadi E: wawekezaji, taaluma maalumu kama utabibu na ualimu wa sayansi, taaluma nyingine, watumishi wa dini na misaada, na wakimbizi. Daraja la mwenzi wa raia halipo. Mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa, na atoe mpango wa urithishaji, yaani namna mgeni huyu atakavyomfundisha Mtanzania ili siku moja amwachie kiti. Kwa mtaalamu aliyeletwa na kampuni kwa miaka miwili mitatu, sharti hilo ni la haki kabisa, nami ningelitetea popote. Lakini mume wa mwalimu haendi popote. Wanawe ni Watanzania. Akiandika mpango wa kurithiwa kazi yake, mrithi wa kweli yumo nyumbani, anasoma darasa la tatu.

Na biashara ndogo? Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, miongoni mwake duka la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni zisizo za hoteli au utalii, uongozaji wa watalii na udalali wa nyumba. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa visa na kibali. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Shabaha ya amri hiyo naielewa. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika muda mrefu kwamba mgeni anakuja kwa jina la mwekezaji kisha anauza soksi kwa rejareja. Ila amri haikumtenga mume wa raia. Wateja wangu wenye maduka yaliyoandikwa kwa majina yao wameniuliza: mume wangu akikaa kaunta nikiwa kliniki na mtoto, je, mimi ni raia ninayemsaidia mgeni? Nawashauri wasimkalishe. Ushauri huo naona uchungu kuutoa, kwa maana namwambia mke asimwache mumewe ashike duka ambalo chakula cha nyumba nzima kinatoka humo.

Kuhusu ardhi nitakuwa mfupi, maana hapa kosa kubwa hufanywa na wanandoa wenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa kisheria, na kuoa au kuolewa si uwekezaji. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano ilhali uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo kiwanja huandikwa kwa jina la mwenzi aliye raia. Kosa ni kuishia hapo. Mwenzi mgeni atunze risiti za saruji, hundi, ujumbe wa miamala ya simu, mikataba ya mafundi. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Mwenzi asiyeruhusiwa kuajiriwa, anayepika na kulea, analihitaji shauri hilo kuliko mtu yeyote. Na nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni nguvu ambayo karatasi inampa mwenzi mmoja ndani ya chumba cha kulala. Pasi ya mtegemezi inaombwa na mwenye uraia, inahuishwa kwa barua yake, na inakufa akiondoa mkono. Mwanamke mmoja kutoka Kampala aliyeolewa Mwanza alinieleza kwamba kila walipogombana mumewe alikuwa akisema neno moja tu: "Nitakuripoti." Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la mume, ufunguo kwenye mfuko wa mume. Kisa kama hicho nimekisikia pia kutoka kwa waume wa kigeni, ingawa wao huona aibu zaidi kukisema. Ukiwa mwenzi mgeni, kaa na pasipoti yako mwenyewe. Piga picha kila ukurasa uliogongwa muhuri, uzihifadhi mahali ambapo simu ikipotea hazipotei. Na wewe uliye raia, ukipenda ndoa yako, mpe mwenzako nyaraka zake mkononi bila kuombwa.

Matatizo ya kila siku ni madogo lakini hayaishi. Mlangoni mwa hifadhi familia inagawanywa: baba kwa dola, mama na watoto kwa shilingi. Kwenye boti ya Zanzibar ni hivyo hivyo. Benki inataka kibali ambacho hakijatoka, na Uhamiaji inataka taarifa ya benki. Nilishuhudia kijana mmoja akizungushwa kati ya madirisha mawili ya ofisi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kila dirisha likidai karatasi inayotolewa na lile jingine. Mwisho mkewe aliyekuwa mjamzito aliketi sakafuni. Afisa mmoja wa zamu aliyepita pale aliliona, akamwinua, akaichukua faili akaimaliza mwenyewe kwa dakika ishirini. Watumishi wa namna hiyo wapo, na nimefanya nao kazi miaka yote. Haki ya mtu haipaswi kungoja bahati ya kukutana nao.

Majina ni kisima cha matatizo. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Pasipoti nyingi za kigeni zina majina mawili, au ukoo ulioandikwa mwanzo. Bibi harusi, kwa furaha, anaandikwa kanisani kwa ukoo wa mume, wakati NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vina jina la baba yake. Miaka mitano baadaye anaombea mtoto pasipoti na mfumo unamwambia mama huyu siye. Ushauri wangu kwa mabinti: msibadili jina mpaka muwe tayari kulibadili kila mahali, kwa hati ya kisheria. Upendo hauko kwenye herufi. Cheti cha ndoa iliyofungwa nje, kilichoandikwa kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza kitafsiriwe na mtu anayetambulika, Baraza la Kiswahili, BAKITA, wanalo dawati la tafsiri, na tafsiri iambatane na nakala iliyothibitishwa. Cha hapa kinachopelekwa nje kihakikiwe kwanza na wakala wa usajili, RITA, kisha Wizara ya Mambo ya Nje.

Maombi ya kuhuisha kibali au pasi yaanze angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya mwisho. Pengo la siku chache kati ya kibali na kibali hulipiwa mara ya kwanza kwa faini, na mara ya pili siku ya kuomba tajnisi, afisa anapouliza ulikuwa unaishi hapa kama nani. Na vishoka waepukwe. Yule kijana nadhifu aliye nje ya geti anayesema anamjua mkubwa, anachojua ni jinsi ya kughushi stakabadhi. Familia tatu nilizozitetea ziliingia kwenye kesi ya jinai kwa nyaraka ambazo wao waliamini ni halali na walizilipia. Malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu. Anayetaka fedha taslimu mkononi hakufanyii hisani.

Wapo watakaosema: tukiwapa waume wa kigeni haki hiyo, tutafurika ndoa za karatasi. Kijana wa nje atamwoa binti wa Sinza Jumatatu, Ijumaa ana duka. Hofu hiyo siipuuzi, nimeshakataa kuwasimamia watu ambao niliona wazi kwamba hawajuani hata chakula wanachopenda. Lakini hofu ya kweli ingetushtua kwanza kwa kifungu cha 11 kama kilivyo, kwa sababu kinampa mke wa kigeni haki ya kuomba siku ya pili ya ndoa. Kama ndoa za uongo ndizo tunazoziogopa, kipimo ni muda na ukweli wa maisha ya pamoja. Jinsia ya mgeni haipimi uongo.

Kenya walipitia hapa hapa. Katiba yao ya uhuru iliwapa wake wa kigeni haki ya kusajiliwa na kuwanyima waume. Wanawake wa Malindi na Diani walioolewa na Wataliano na Wajerumani walilijua jambo hilo vizuri. Katiba ya 2010, ibara ya 15, ikafuta tofauti: yeyote aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kusajiliwa. Mume au mke, muda ni ule ule. Hatujasikia kwamba Kenya imezama.

Botswana ilisukumwa na mwanamke mmoja. Unity Dow, mwanasheria, aliolewa na Mmarekani. Mtoto wake aliyezaliwa kabla ya ndoa alikuwa raia wa Botswana. Wawili waliozaliwa ndani ya ndoa hawakuwa. Alikwenda mahakamani, akashinda, na Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ikathibitisha ushindi wake mwaka 1992. Sisi kwenye watoto tuko mbele: mama Mtanzania humrithisha mwanawe uraia sawa na baba, ila mtoto mwenye uraia wa nchi mbili lazima achague akishafika miaka 18. Hapo ndipo sheria yetu inapojipinga. Imekubali kwamba damu ya mwanamke inatosha kumfanya mtu Mtanzania, na imekataa kwamba ndoa yake inatosha hata kumpa mumewe haki ya kufanya kazi.

Zimbabwe inafundisha jambo jingine, la kutahadharisha. Mwaka 1994, katika shauri la Rattigan, wanawake raia walioolewa na wageni waliiambia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kwamba kumfukuza mume ni kumfukuza mke, kwa kuwa mke atalazimika kuondoka naye, hivyo uhuru wake wa kuishi nchini mwake unakufa. Mahakama ilikubali. Bunge likajibu mwaka 1996 kwa kubadili Katiba, likaleta usawa kwa kuwanyang'anya wote, waume na wake. Hilo nisingependa tulifanye. Usawa wa kunyimana hauisaidii familia yoyote.

Hoja ya mahakama ile naiona ina nguvu kuliko mikataba yote, ingawa mikataba tunayo: ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tuliuridhia 1985, na ibara ya 13 ya Katiba yetu imeitaja jinsia katika katazo la ubaguzi. Ubaguzi huu unaonekana kama unamwangukia mwanamume wa kigeni. Anayeumia ni Mtanzania. Ni binti yetu anayelazimika kuchagua kati ya kuishi na mumewe huko ng'ambo na kuishi kwao bila yeye. Kaka yake hakuwekwa kwenye mizani hiyo.

Nawaomba wabunge wakifungue kifungu cha 11 na pale palipoandikwa mwanamke waandike mwenzi wa ndoa. Waweke miaka wanayoona inatosha kuthibitisha ndoa. 5 au 7, mimi sina ubishi, mradi iwe sawa kwa wote. Waondoe sharti la uhai wa mume, wajane wasiadhibiwe kwa kufiwa. Na kabla ya hayo, kwa kuwa kubadili sheria huchukua muda, waziri anayehusika na ajira aandae daraja la kibali cha kazi kwa mwenzi wa raia, lisilodai mpango wa urithishaji wala barua ya mwajiri mmoja.

Pasi ya mtegemezi ya mume wa yule mwalimu ilitoka mwezi Mei. Anapeleka watoto shule asubuhi na kuwachukua mchana. Ni fundi mitambo wa miaka 14 ya uzoefu, na hajashika kazi tangu Februari.